Kukodi pikipiki Malindi ukija likizo na familia: soma hii kwanza kabla hujanipigia

Kila shule zikikaribia kufungwa simu yangu haitulii. Shemeji yuko Tanga, binamu yuko Dar, rafiki wa rafiki yuko Muscat, na wote swali lao moja: "Tunakuja Malindi na watoto, pikipiki ya kukodi tutapataje?" Alafu yanafuata yale mengine, leseni yangu ya huku itakubalika, naweza kupakia mke na watoto wawili, pasipoti naacha ama siachi, na Lamu naweza kufika nayo. Nimejibu kwa sauti za WhatsApp mpaka koo limekauka, basi leo nayaandika yote pahali pamoja, ukiniuliza tena nakutumia hii na mimi naendelea na chai yangu.

Naanza na jibu ambalo watu hawalipendi. Pikipiki ya kukodi si gari la familia. Sheria ya trafiki ya Kenya inataka dereva na abiria mmoja, basi. Utaona hapa mjini boda amepakia watu watatu na mbuzi juu ya tangi, hayo ni yake na trafiki, wewe mgeni usimuige. Mpango unaowafaa watu wenye watoto ni huu: pikipiki iwe ya wakubwa wawili, kwenda sokoni, kuteremka Watamu asubuhi, kupunga upepo jioni, na siku mnatoka wote na watoto mnaita tuktuk, manake Malindi tuktuk ni kama kunguru, hukosi. Mkiwa wakubwa wanne na wawili wenu wanajua kuendesha, kodini mbili.

Na kama hujawahi kuendesha pikipiki maishani mwako, usianzie hapa. Kujifunza ni nyumbani, na mwalimu, kwenye kiwanja. Likizo watu wanakuja kuogelea, si kufungwa plasta.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka kwenu

Leseni yenye daraja la pikipiki. Hapa ndo wengi wanakwama. Mtanzania mwenye D peke yake, hiyo ni ya gari, pikipiki haimo, wataka uwe na A. Mkenya mwenzangu wa bara mwenye B hali ni hiyohiyo, pikipiki ya kawaida ni A2. Anayetoka Ulaya ama Uarabuni abebe leseni yake yenyewe pamoja na ile ya kimataifa, na aifungue aangalie kama pale kwenye pikipiki pamegongwa muhuri, kuna watu wanabeba kile kitabu miaka na hawajawahi kukifungua.

Pasipoti ama hati uliyoingilia nchini, kopi mbili za karatasi, na picha yake kwenye simu.

Laini ya Safaricom yenye M-Pesa. Mgeni anasajiliwa kwa pasipoti yake, ukishavuka tu mpaka wa Lungalunga ama ukishuka uwanjani fanya hiyo kwanza. Kukodi, petroli, fundi wa pancha, madafu, vyote ni M-Pesa, na ile meseji ndo risiti yako ya kweli siku mambo yakiharibika.

Bima ya safari, kama unayo isome ile sehemu ya pikipiki. Nyingi hazikulipi kitu kama ulipanda bila leseni ya pikipiki ama bila helmeti, na nyingine zina kikomo cha ukubwa wa injini.

Suruali ndefu mbili, viatu vya kufunga, miwani ya kuzuia mchanga. Usije na slipa tupu ukidhani ni pwani, lami ya hapa ikikushika haijui kama uko likizo. Helmeti yako mwenyewe kama ina nafasi kwenye begi, na kama haina beba angalau kitambaa chepesi cha kuvaa ndani, helmeti za kukodi zimepita vichwa vingi.

Haya, sasa kazi yenyewe.

1. Jua unaenda wapi, ndo uchague pikipiki

Watu wanachagua kwa rangi. Angalia njia kwanza. Kama ni mjini tu, barabara ya Casuarina, Silversand, mnara wa Vasco da Gama na kurudi, skuta inatosha na haina gia za kukusumbua. Watamu ni kilomita 20 na kitu kupitia Gede, lami mwanzo mwisho, Mambrui ni kama 15 ukivuka daraja la Sabaki, huko pikipiki ya kawaida ya gia kama Boxer ama TVS inakwenda bila shida. Ukitaka Marafa kuona lile korongo la Nyari, ama unapenda vile vinjia vya ndani vya mchanga mwekundu, basi taya (matairi) ziwe na meno na pikipiki iwe ya kuinuka juu kidogo, na skuta uiache kabisa, vile vigurudumu vyake vidogo vikiingia kwenye mchanga vinageuka jembe.

2. Mtafute mwenye pikipiki, usiishie kwa broka

Ufuoni utafuatwa. Kijana atakwambia anayo pikipiki nzuri, mpya, ya mjomba wake, na kweli mjomba yupo ila pikipiki si yake. Shida ya broka si ile asilimia yake, apate tu na yeye ale, shida ni kwamba siku cheni ikikatika Gede yeye hapokei simu na mwenye mali hakujui. Uliza pale unapolala, uliza mwenye duka jirani, uliza fundi, mafundi ndo wanajua pikipiki gani inatunzwa na gani inapakwa rangi tu. Ukishapata, ongea na mwenyewe ana kwa ana ama kwa simu, akutajie jina lake kamili na lilingane na la kwenye logibuku, ile hati ya umiliki.

Na usikodi boda ya mtu uliyemsimamisha njiani, akupe ufunguo yeye ashuke. Huyo kesho ana kazi zake, bima yake ni ya kupakia abiria wala si ya kumkodisha mgeni, na mara nyingi hata pikipiki yenyewe ni ya tajiri wake anayesubiri hesabu jioni.

3. Karatasi

Namba ya pikipiki ya Kenya inaanza na KM. Angalia namba iliyoko nyuma na iliyoko kwenye logibuku na kwenye bima ni moja. Logibuku siku hizi iko kwenye mtandao wa serikali, atakuonyesha kwenye simu, sawa tu, iangalie.

Bima sasa. Ile ya lazima ni thadi pati, inamlipa uliyemgonga. Hailipi pikipiki yenyewe wala hailipi mguu wako. Muulize mwenyewe, bima hii inajua kwamba wewe unakodisha? Kama ni ya matumizi binafsi kampuni yaweza kukataa kulipa siku ya siku. Mwambie akutumie kopi kwenye WhatsApp hapohapo, tarehe uzisome wewe, usisomewe.

4. Ikague mchana, ikiwa baridi

Hapa nitakaa kidogo manake hapa ndo likizo inaokoka ama inaharibika.

Nenda asubuhi, usiende magharibi. Ukifika, kabla hata hujasalimia sana, peleka kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto, muulize kwa nini imewashwa kabla hujafika. Pikipiki yenye kuugua inaamshwa mapema ili mbele yako iwake kwa kiki moja, na wewe unafurahi, alafu kesho saa kumi na mbili asubuhi uko Silversand unapiga kiki mpaka jasho linaingia machoni. Mwambie tu poa poa, nitarudi baadaye ikipoa. Anayekukubalia huyo hana la kuficha.

Alafu anza kutoka mbele kwenda nyuma. Taya, pitisha kidole kwenye meno yake, ikiwa kipara achana nayo. Spoksi, zigonge na ufunguo moja moja, inayolia tofauti imelegea. Breki ya mbele, ishike alafu sukuma pikipiki, isitembee, fanya hivohivo na ya nyuma. Taa ya mbele, taa ya breki, indiketa zote nne, honi. Honi usiidharau, mbuzi wa Malindi hawasikii kitu kingine. Saidi mira zote mbili ziwepo na zisijigeuze zenyewe. Klachi ikishikwa iachilie taratibu, isinase. Cheni iinue na kidole katikati kwa chini, icheze sentimita mbili tatu hivi, ikining'inia kama leso kwenye kamba imechoka. Mafuta ya injini, kuna kidirisha ama kijiti, yasiwe meusi kama lami na yasiwe chini ya alama.

Kitu cha pwani chenyewe: chumvi. Inama uangalie chini ya ekzosi, kwenye nati za gurudumu na kwenye waya wa breki. Pikipiki iliyoogeshwa baharini inang'aa juu na imeliwa chini. Waya wa breki ulioota kutu usipande nao, hata akikupa nusu bei.

5. Piga video, uizunguke yote

Video moja bila kukata, polepole, ukianza na namba, alafu kila mkwaruzo uuseme kwa sauti, "hapa kwenye tangi kuna alama, hapa indiketa imefungwa na gundi," na mwenyewe asikike akisema ndio. Piga na kilomita na geji ya petroli. Kisha mtumie yeye hiyo video palepale, ili ikae kwenye simu yake na tarehe.

Shemeji yangu wa Tanga hakufanya hivi. Alikodi siku nne, akarudisha pikipiki safi, mwenyewe akainama akatoa kidole kwenye mkwaruzo mrefu kama unywele pembeni ya matigadi, akasema huu ni wako. Shemeji anaapa aliukuta, yule naye anaapa haukuwepo, mimi niko katikati nimeitwa kusuluhisha na sina cha kusema. Nusu ya dipoziti ikaenda. Sikusema kitu mbele ya dada yangu, lakini usiku nilimuuliza shemeji, simu ina kamera tatu hiyo, zote zilikuwa za kupiga samaki?

6. Bei, dipoziti na maandishi

Bei inategemea msimu, Disemba na Pasaka inapanda, wakati wa masika Aprili na Mei inashuka mpaka utaona haya kuomba kupunguziwa. Usikubali bei ya kwanza, na ukitaka siku nyingi taja wiki nzima kwanza ndo ushuke.

Pasipoti haiachwi. Narudia, haiachwi. Toa kopi, toa dipoziti kwa M-Pesa. Pasipoti yako ikiwa kwenye droo ya mtu, ubishi wowote ukitokea yeye ndo hakimu. Na wewe na watoto mna basi la kesho.

Andikeni, hata kama ni nusu ukurasa kwa kalamu: majina, namba ya pikipiki, bei kwa siku, dipoziti kiasi gani na inarudi lini, petroli inarudi ikiwa wapi, pancha ni ya nani, injini ikifa yenyewe ni ya nani, na mwisho wa kuzunguka ni wapi. Kawaida pancha ni yako na injini ni yake, lakini kiandikwe. Na "siku moja" muulize ni masaa 24 ama ni mpaka jua lizame, manake wengine siku yao inaishia maghrib.

Saa nayo iandikwe vizuri. Mwaka juzi shemeji huyohuyo karatasi yake ilisema arudishe 7:00, yeye akasoma saa saba mchana, akalala, akanywa chai na mahamri, akaenda kuogelea. Mwenyewe alikuwa anamsubiri saa moja asubuhi na mteja mwingine kando yake. Andika asubuhi ama mchana kwa maneno.

7. Helmeti mbili, makoti mawili

Sheria inataka dereva na abiria wote wawili wavae helmeti na koti la rifleta. Si moja kwa ajili ya baba. Helmeti ivae, funga kamba, tikisa kichwa kama unakataa jambo, ikizunguka ni kubwa. Ile ambayo kamba yake imefungwa fundo kwa sababu kibano kimevunjika, rudisha. Kwa mama aliyevaa mtandio, mtandio mwepesi wa kubana ndani unakaa vizuri, ule mkubwa wa kuning'inia uingie ndani ya koti.

8. Zunguka kiwanjani kabla ya barabara

Nusu saa tu. Gia hazifanani, kuna zinazoingia zote kwa kukanyaga mbele, kuna ya kwanza chini na nyingine kwa kuinua, uliza alafu jaribu ukiwa umesimama. Fanya breki ya ghafla mara tano. Zunguka kwa mchoro wa 8. Alafu mpakie mwenzio ufanye tena, manake pikipiki yenye watu wawili inachelewa kusimama na inapinda vingine.

Mnaotoka Tanzania hamna shida na upande, sote twaendesha kushoto. Nyinyi wa Oman ndo nawaambia, mmezoea kulia, na kosa halitokei ukiwa na magari mengi, linatokea alfajiri barabara tupu unapotoka kwenye geti. Bandika kipande cha selotepu kwenye tangi upande wa kushoto, kitakukumbusha. Kwenye kipilefti mpishe anayetokea kulia kwako.

9. Barabarani

Mchanga unaotambaa juu ya lami. Upepo unauleta, hasa njia za karibu na bahari, na hauonekani mpaka uko juu yake. Ukiuona usishike breki ya mbele wala usikate kona, achia mafuta kidogo upite wima. Majani ya mivinje ni hivohivo, yale membamba kama sindano, yakilowa yanateleza kuliko sabuni.

Matuta mengi hayana rangi. Fuata gari la mbele, likiinama ujue.

Njia kuu ya kwenda Mombasa ina malori na matatu, daladala za huku, zenye haraka zao. Kaa kushoto lakini usikae kwenye ukingo kabisa, lami ikiishia pale kuna kishimo. Matatu ikikupigia honi mara mbili mpishe tu, huna mashindano nayo. Ukivuka daraja la Sabaki wakati wa kusi upepo unakupiga ubavuni, shika kwa nguvu na upunguze mwendo. Mjini kikomo ni 50.

Nguo. Hili naliandika kwa herufi za kawaida lakini lisome kama nimepiga kelele. Dera, buibui, leso, ncha ikiingia kwenye cheni inavutwa kabla hujasema bismillahi. Dada yangu alikaa upande mmoja kama anavyokaa kwenye boda, dera lake jipya la manjano likapepea, tukiwa mwendo wa mtu anayetembea tu, shukuru Mungu, nikasikia trrr na pikipiki ikafunga gurudumu. Tulikaa kando ya njia nusu saa tunarudisha cheni nyuma jino kwa jino kutoa kitambaa, kimeshakuwa kamba nyeusi ya grisi, na yeye pindo lote hana. Avae suruali ndani, apande kwa kukanyagia pande zote mbili, dera alikunje alikalie.

Ekzosi iko kulia. Kushuka ni kushoto, siku zote, na watoto wafundishwe hata kama hawapandi, manake wataikimbilia ikiwa imepaki. Hapa karibu kila mtu ana ule muhuri kwenye muundi wa mguu, ukiniona nimevaa kaptula utauona wangu. Ukiungua, maji baridi ya mfereji dakika 20, usipake dawa ya meno wala unga.

Usiku usiende mbali. Kuna ng'ombe, kuna baiskeli bila taa, kuna lori limeharibika limewekewa matawi tu kama alama. Watamu rudi kabla ya magharibi.

Na ufuoni usiendeshe. Najua picha ni nzuri. Mchanga ukitoka maji unaonekana mgumu kama saruji, kumbe chini ni uji, na wakati wa bamvua, yale maji makuu, bahari inarudi kwa haraka kuliko unavyodhani, alafu ile chumvi inayoingia kwenye cheni na beringi mwenyewe ataijua kwa harufu tu. Kule Silversand na Casuarina mbele yako ni hifadhi ya bahari ya taifa, tangu 1968, nenda na boti ya vioo uone matumbawe kama wenzio.

10. Petroli

Jaza kituoni. Bei za Kenya zinatangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati, tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hivyo vituo havipishani sana, hakuna haja ya kuzunguka mji kutafuta nafuu. Angalia pampu ianzie sifuri. Petroli ya chupa kando ya njia ni ya dharura tu, ile ya kuchanganywa inakuonyesha ulimwengu. Ukienda Marafa jaza Malindi kabisa.

11. Kupaki

Funga shingo, toa ufunguo, weka na kufuli la gurudumu kama mwenyewe kakupa. Kwenye mchanga stendi inazama polepole, unarudi unaikuta imelala kama mbwa. Dawa yake ni kifuu cha nazi, kifunike chini ya stendi, hapa havikosekani. Ikae kivulini, ila si chini ya mnazi wenye nazi.

12. Kurudisha

Ioshe kwa maji ya kawaida, hasa chini, jaza petroli ilipokuwa, fika mapema kukiwa na mwangaza. Piga video nyingine, mwenyewe akiwepo. Dipoziti irudi kwa M-Pesa kabla hujampa ufunguo, usikubali "nitatuma jioni." Akutumie na ujumbe mfupi, "nimepokea pikipiki, tumemalizana." Basi.

Lamu je?

Hapana. Kutoka Malindi ni zaidi ya kilomita 200 kupitia Garsen na Witu, kuna vizuizi vya usalama njiani, wengi wenye pikipiki hawataki ivuke huko, na hata ukifika unaiacha Mokowe uingie boti. Mji wenyewe ni vichochoro, punda wawili wakipishana mmoja anageuka. Panda basi la asubuhi, pikipiki irudishe ukiwa bado Malindi usilipie siku za bure.

Mambo yakienda kombo

Haiwaki. Kabla hujamwita mtu, angalia swichi nyekundu ya kuzimia mkono wa kulia, nusu ya simu ninazopigiwa ni hiyo, mtoto ameichezea. Kisha taa ya kijani ya nyutro, kisha koki ya petroli chini ya tangi kama ipo, igeuze kwenye akiba. Ukipiga stata na inalia tik tik tu, betri imeisha, piga kiki. Ikikataa kabisa mpigie mwenyewe, usifungue plagi yake.

Pancha. Usiendelee kuipanda, utakata tyubu yote ulipe mpya. Isukume. Kila kituo cha boda wanamjua fundi, kaa hapo hapo uone anavyoziba, na mwambie apitishe mkono ndani ya taya atoe mwiba, la sivyo baada ya kilomita mbili mko pamoja tena.

Cheni imetoka. Zima injini, toa ufunguo, ndo uguse. Vidole vya watu vimebaki kwenye sproketi, ile gia ya cheni, kwa kusahau hilo.

Trafiki amekusimamisha. Simama, vua helmeti, salimia, hujambo afande inafungua milango mingi hapa pwani. Onyesha leseni na bima. Kama una kosa, omba aliandike, ulipe kwa njia rasmi upewe risiti. Ukiwa na abiria wawili nyuma sina la kukusaidia.

Umeanguka ama umegongana. Watu kwanza, pikipiki baadaye. Namba za dharura ni 999 na 112. Aliyeumia kichwa ama shingo asivutwe wala asitolewe helmeti kwa nguvu, na boda wenye huruma watataka kumpakia palepale, wazuie kwa upole. Piga picha magari yalivyokaa, namba, barabara. Mpigie mwenyewe. Nenda polisi uandikishe uchukue abstrakti, ripoti ya ajali, bila hiyo karatasi hakuna bima itakayokusikiliza. Usisaini kitu wala usitoe pesa pale barabarani watu wakiwa wamejaa wanapiga kelele, hata kama unahisi kosa ni lako.

Mvua imekushika. Dakika kumi za mwanzo ndo lami inateleza zaidi, mafuta yanaelea juu. Ingia kibandani, agiza chai ya tangawizi, subiri. Njia ya udongo ikishanyeshewa usiijaribu na mtu nyuma, ashuke atembee, wewe isukume.

Mwenyewe anadai kitu usichokifanya. Mfungulie video ya siku ya kwanza. Kama hukupiga, usinipigie mimi, mpigie shemeji yangu Tanga, mtaelewana.